TAHADHARI: Anayeuza mashine za kutengeneza maji ya silva nyumbani ni tapeli

Jamani, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Ile mashine ya maji ya silva (maji yenye chembe za madini ya fedha, yanayouzwa kama dawa ya kunywa) niliyowaambia nimemnunulia mama, msiinunue. Na kama mmeshanunua, msinywe hata kijiko.

Muuzaji alikuja nyumbani mwenyewe jioni, begi begani. Akavua viatu mlangoni, akachuchumaa kumpa mama shikamoo. Bei hakuitaja kabisa. Aliomba glasi ya jikoni kwetu, akamimina maji kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akachovya kile kimita cha TDS, cha kupima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji: sifuri. "Mama umeona? Maji haya hayana kitu." Akaunganisha betri 3 za volti 9, akabana vijiti viwili vya silva kwa klipu, akavitumbukiza. Halafu akatoa kifuko cha unga mweupe, akatia kidogo kwa ncha ya kidole. Kichocheo, anasema, bila hicho mtakesha. Haukupita muda, kwenye kijiti kimoja likaanza kushuka wingu jeupe, taratibu, kama moshi wa ubani. Mama akasema Alhamdulillahi. Akachovya kimita tena: 20. "Ppm 20, dada. Milligramu 20 kwenye lita. Namba haina urafiki na mtu." Akazima taa, akamulika tochi ya leza, mstari mwekundu ukaonekana ndani ya glasi. Hizo ndizo chembe za silva, anasema.

Sasa niambieni, nani asingeamini? Aliletwa na mume wa shangazi, wanaswali msikiti mmoja. Risiti alitoa, ina muhuri. Cheti cha vijiti kilikuwa kwenye plastiki, kimeandikwa asilimia 99.99. Na ile krimu nyeupe wanayopaka walioungua moto hospitalini ina silva kweli, hilo hakudanganya. Mguu wa mama mnaujua, una kidonda. Nilitoa laki mbili na themanini palepale.

Mwalimu wa kemia, jirani yetu, ndiye aliyefumbua fumbo. Alichukua maji safi, yale ya betri yasiyo na asidi, akatia chembe za chumvi yangu ya kupikia. Hakuna kijiti, hakuna betri. Akachovya kimita: kikapanda kupita hiyo 20! Kumbe kimita kile hakipimi silva. Kinapima umeme unavyopita kwenye maji, kisha kinageuza kuwa ppm. Chumvi inapitisha umeme, basi namba inapanda. Na silva iliyo katika chembe haipitishi namna hiyo, kwa hiyo hata maji ya silva ya kweli kimita hakiwezi kukupa kiasi chake chote. Lile wingu jeupe ni silva iliyoshikana na chumvi, yaani ule unga wake wa "kichocheo". Ile leza? Akadondosha tone la maziwa kwenye glasi nyingine, mstari ukatokea vilevile.

Akanipigia na hesabu. Mkondo wa milliampia 1 kwa saa nzima unatoa silva milligramu 4 tu, hapo hakuna kilichopotea. Kufikisha ppm 20 kwenye lita moja kwa mkondo huo ni saa 5. Yule bwana aliifikia hiyo 20 kabla chai haijapoa.

Vijiti nikampelekea sonara Kariakoo. Alipitisha tupa mara mbili tatu, chini ya ule mng'ao ukatokea wekundu. Shaba! Mama yangu alikuwa anaandaliwa maji ya shaba.

Na hapa ndipo ninapotetemeka: alimwambia mama aache vidonge vya hospitali ili "silva ifanye kazi". Mama akaacha. Kidonda kikaanza kunuka. Sasa amerudi kliniki, anasafishwa, dawa anameza mbele yangu.

Hata ingekuwa silva safi, si ya kunywa. Stan Jones, mwanasiasa wa Montana kule Marekani, alijitengenezea maji haya kuanzia 1999 akihofia dawa zitaadimika mwaka 2000 ukiingia. Ngozi yake ikageuka rangi ya bluu na kijivu, na hali hiyo haina kurudi. Mwaka huohuo wa 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa za silva za namna hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa zinatibu.

Mtu wa hivi hafai kuachwa mtaani. TMDA, mamlaka ya dawa hapa Tanzania, wamfuate, polisi wamfuate, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na matangazo yake yote yako WhatsApp. Anauzia wagonjwa! Anawatoa wazee kwenye dawa! Afungwe, na hela za watu arudishe.

Akija kwenu: anakuja na maji yake, ana unga wa "kichocheo", anapima kwa kimita cha TDS peke yake, na ukimwambia vijiti viende kwa sonara kwanza anakasirika. Kuna na mafuta ya mzeituni anayouza, sijui nayo yakoje, msiguse.

RB ya polisi ninayo tayari. Mwenye risiti yake au sauti zake za WhatsApp anitumie inbox leo, na kama una mzazi anayekunywa yale maji, mrudishe hospitali kwanza halafu ndiyo unitafute.