Amplifaya nzuri, muuzaji asiyesikiliza: uzoefu wangu na seti ya kujiundia amplifaya ya valvu

Jibu la muuzaji lilikuwa la mistari miwili. Nifuate maelekezo yaliyomo kwenye karatasi, kwa kuwa mamia ya wateja wameyafuata na amplifaya zao zinafanya kazi. Na kama umeme unanitia hofu, nimtafute mtu anayeufahamu. Naanza na jibu hilo kwa sababu ndilo lililonikaa moyoni kuliko jambo jingine lolote katika kazi nzima ya kuunda amplifaya yangu ya kwanza ya valvu (mirija ya kioo iliyotumika kukuza sauti kabla ya transista), na kwa sababu nilikuwa nimemweleza muuzaji, kwa adabu na kwa vipimo, kwamba karatasi yake ina kosa linaloweza kuunguza kifaa na hata kumdhuru mtu.

Seti yenyewe ni ya saketi ya Fender Champ, ile inayojulikana kama 5F1, iliyotoka Marekani katika miaka ya 1950 na ambayo wauzaji wengi wanawapendekezea wanaoanza, kwa kuwa ina valvu tatu tu na kitufe kimoja cha kuzungusha. Nilikuwa nimeitamani kwa muda mrefu. Mimi ni mpiga gitaa wa bendi ndogo ya dansi hapa Dar es Salaam, na amplifaya za transista tunazozipata ukumbini zina nguvu ya kutosha, lakini nyuzi zikipigwa kwa nguvu au kwa upole sauti hutoka na sura ileile. Valvu haifanyi hivyo. Nilitaka kuisikia 6V6, valvu yake ya nguvu, ikisukuma spika ya inchi nane chumbani kwangu, tena iwe imeungwa kwa mikono yangu mwenyewe. Mzigo ulisafiri kutoka Ulaya kwa majuma kadhaa, ushuru nikaulipa bila kulalamika, na nilipofungua boksi nilifurahi sana, kwa sababu chasisi ilikuwa imetobolewa vizuri, rezista zilipangwa kwenye vifuko vyenye maandishi, na soketi za valvu zilikuwa za kauri.

Shida ilikuwa kwenye transfoma ya umeme. Transfoma za namna hii hutengenezwa zifae nchi nyingi, kwa hiyo upande wa kuingizia umeme una nyaya kadhaa: mmoja ni wa pamoja, na nyingine ni za volti tofauti, nawe unachagua ule unaolingana na umeme wa kwenu. Sisi tuna volti 230. Karatasi ilisema kwamba kwa nchi zenye volti 230 hadi 240 tutumie waya mweusi na wa kahawia, na ule wa zambarau tuufunge pembeni kwa utepe. Kabla ya kulehemu chochote nilipima ukinzani, yaani kiasi waya unavyozuia umeme kupita, kwa mita, kama ambavyo mtu yeyote makini angefanya, na nikaona kwamba kati ya mweusi na kahawia ukinzani ni karibu nusu ya ule ulio kati ya mweusi na zambarau. Volti ndogo ndiyo yenye mizunguko michache ya waya, na mizunguko michache ndiyo yenye ukinzani mdogo. Kwa hiyo waya wa kahawia ulionekana waziwazi kuwa wa volti 120, yaani wa Marekani, na karatasi ilikuwa inanielekeza kuutia volti 230.

Niliandika barua pepe nikiambatanisha vipimo na picha. Nikajibiwa ile mistari miwili.

Naomba nieleze kingetokea nini kama ningelitii jibu lile, kwa maana wapo watakaodhani nakuza jambo. Ukiupa upande wa volti 120 umeme wa volti 230, kiini cha chuma hushindwa kubeba usumaku unaotakiwa, mkondo huongezeka kupita kiasi, na bahati yako ni kama fyuzi itakatika mapema. Fyuzi isipokatika, kila kinachotoka upande wa pili kinakaribia maradufu. Filamenti ya 6V6, yaani waya wa ndani unaoipasha moto, inayotaka volti 6.3 itapewa zaidi ya 11. Umeme wa juu unaolisha valvu, unaopaswa kuwa karibu na volti 340, utaelekea 650, ilhali kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) zilizomo kwenye seti zimeandikwa 450 au 500. Kapasita ya namna hiyo ikizidiwa hupasuka, na aliyeiinamia kuiangalia ni mtu anayejenga kifaa chake cha kwanza, ambaye muuzaji huyohuyo amemhakikishia kwenye tangazo kwamba hahitaji kuwa fundi.

Sikuiunga. Nilichukua balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka, nikaifunga mfululizo na waya wa umeme ili mkondo wote upite kwanza kwenye balbu, nikaacha valvu zote kwenye maboksi yake, nikatenga nyaya za upande wa pili zisigusane, kisha nikawasha kwa nyaya zile mbili zilizoelekezwa. Transfoma ikiwa sawa, na ikiwa haina kazi yoyote inayofanya, balbu huwaka kwa mara moja tu kisha hufifia. Yangu iliwaka ikabaki inawaka kwa mwanga mkali, na transfoma ikatoa mngurumo nilioweza kuuhisi kupitia meza. Nilizima papo hapo.

Nikaenda Ilala kwa fundi mmoja mzee ambaye alitengeneza redio za valvu enzi hizo zikiwa ndizo redio. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza habari yote pamoja na jibu la muuzaji. Aliniuliza balbu iliwaka namna gani, na nilipomweleza akasema, "Mwanangu, hapo umeme wenyewe umeshakujibu. Huyo wa barua muache kwanza." Kisha akanionyesha njia ya kuhakikisha bila kuhatarisha kitu: akachukua transfoma ndogo ya redio inayotoa volti 6 za mkondo geu, akaziingiza kwenye nyaya za filamenti za transfoma yangu, yaani kinyumenyume, akanitahadharisha nisiguse upande wa pili, kisha akapima. Kati ya mweusi na kahawia mita ilisoma mia na kidogo. Kati ya mweusi na zambarau ilisoma zaidi ya mia mbili. Hakutaka malipo, alitaka nimletee amplifaya ikikamilika aisikie.

Mzee huyu hakuwa na mchoro wa transfoma, hakuwahi kuiona seti ile, wala hakupata hata senti moja ya bei yake, na alinipa dakika zake zote nilizohitaji. Aliyechukua fedha yangu hakutaka kusoma aya tatu.

Kutoka hapo kazi ilikwenda vizuri mno, na hili lazima niliseme hata kama hasira inanikataza. Kuna raha ya pekee katika kukata waya kwa kipimo, kuzisokota nyaya za filamenti ziende pamoja ili zisilete mngurumo, na kuona risasi ikiyeyuka na kung'aa kuzunguka mguu wa rezista. Sehemu iliyobaki ya maelekezo imeandikwa kwa ustadi. Inakukumbusha kwamba kapasita hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi, inakufundisha kuumwaga kupitia rezista, na inaeleza kwamba amplifaya ikipiga mluzi mkali mara tu inapowashwa, ubadilishane nyaya mbili za transfoma ya sauti, kwa kuwa sauti inayorudishwa nyuma inaongeza badala ya kupunguza. Yangu ilipiga mluzi huo, nikazibadilishana, ukanyamaza. Hapo ndipo hasira ilipozidi kunipanda, kwa maana watu wanaojua kueleza jambo gumu kiasi hicho kwa uwazi kiasi hicho hawawezi kudai kwamba rangi ya waya mmoja iliwashinda.

Nilipopima kwenye kathodi ya 6V6, yaani sehemu yake inayotoa elektroni, nilipata volti 18 juu ya rezista ya omu 470, ambayo ni sawa na mkondo wa takriban miliampea 38, na hapo ndipo panapotakiwa. Kisha nikachomeka gitaa.

Sitaipunja sifa amplifaya hii kwa kosa la aliyeniuzia. Ukiweka kitufe chini ya nusu, sauti ni safi, yenye joto, na kila noti ya solo inasimama peke yake kama vile magitaa ya dansi yanavyotakiwa kusikika. Ukiongeza, valvu inaanza kuchoka kwa utaratibu, na ukali unakuja au unaondoka kwa kidole tu, bila kugusa kitu kingine. Wati tano zinatosha chumba, na kwa ukumbi mdogo weka maikrofoni mbele yake. Nilimpelekea mzee wa Ilala kama alivyoomba. Aliisikiliza wimbo mzima, akainama kuitazama 6V6 inavyowaka, akasema kazi yangu ya kulehemu ni safi.

Wakati huo nilikuwa tayari kusamehe. Nilimwandikia muuzaji tena, safari hii nikimpa matokeo ya balbu na ya kipimo cha kinyumenyume, nikamwomba arekebishe karatasi kwa ajili ya wengine. Jibu lilikuja refu kidogo na lenye upole kidogo, na ndani yake kulikuwa na sentensi iliyonirudisha nilikotoka: kwamba mtengenezaji wa transfoma alibadilishwa muda fulani uliopita, kwamba rangi mpya zimewekwa kwenye tovuti yao, na kwamba karatasi za zamani zinaendelea kutumwa mpaka ziishe. Walikuwa wanajua. Waliponiambia nitafute mtu anayeufahamu umeme, walikuwa na rangi sahihi kwenye kompyuta yao. Hawakuomba radhi. Walinipa punguzo la bei kwa ununuzi ujao.

Kwa hiyo nasemaje? Kwa saketi, kwa vipuri na kwa sauti, ningetoa nyota tano bila kusita, na mpiga gitaa anayetamani valvu asiogope kuanza na Champ. Kwa muuzaji nilikuwa nimepanga kutoa mbili, nikashuka hadi moja nilipokuwa naandika aya iliyo juu ya hii. Ukiamua kununua kwake hata hivyo, usiunge waya wowote wa transfoma kabla ya kupima ukinzani wa kila jozi, na usiwashe bila balbu. Punguzo lao sijalitumia wala sitalitumia, na nyota hiyo moja itabaki hapo mpaka nione karatasi mpya ndani ya maboksi yao.