Orodha za thamani ya timu za NHL: Forbes na Sportico zinafaa kwa kazi gani, na zinapotosha wapi

Kila mwaka jarida la biashara la Forbes hutoa orodha ya thamani ya timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Sportico, chombo cha habari za biashara ya michezo, nao wana yao. Wasomaji wengi huzichukulia kama bei zilizobandikwa dukani, na hapo ndipo wanapojikwaa. Forbes inafaa sana kulinganisha timu na timu, mwaka na mwaka, kwa sababu kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1990. Ukitaka kujua timu fulani ikiuzwa kesho itachukuliwa kwa kiasi gani, hapo haina nguvu.

Anza na jedwali lenyewe. Mstari wa timu moja kwenye Forbes una thamani, badiliko la mwaka mmoja, uwiano wa deni kwa thamani, mapato, na faida ya uendeshaji. Watu husoma safu ya kwanza, wakashangaa, wakaondoka. Lakini thamani ile ni ya kampuni nzima, yaani haki ya wenye timu pamoja na deni lake. Chukua timu ya kubuni yenye mapato ya dola milioni 220. Mthamini akiyazidisha mara 7.5 anapata milioni 1,650. Safu ya deni ikisema asilimia 20, basi milioni 330 ni za wakopeshaji, na mwenye timu anabaki na milioni 1,320 kabla mtu wa kodi hajabisha hodi. Sasa mthamini huyo huyo asogeze kizidishi kutoka 7.5 hadi 8. Thamani inakuwa milioni 1,760. Zimeongezeka milioni 110 na hakuna tiketi hata moja iliyouzwa zaidi.

Kizidishi hicho ndicho moyo wa hesabu yote, na jedwali halikuonyeshi. Kitafute mwenyewe: gawa thamani kwa mapato, mstari kwa mstari, kisha panga upya timu zote kwa jibu unalopata. Orodha mpya utakayoipata ina faida kuliko ile iliyochapishwa. Timu yenye kizidishi kikubwa kuliko wenzake wa mapato yale yale lazima iwe na sababu inayoonekana: mji mkubwa, mkataba mzuri wa ukumbi, au tetesi za kuuzwa. Usipoiona sababu, itilie shaka namba hiyo.

Faida ya uendeshaji isikusumbue sana. Hupanda na kushuka kwa mechi chache za mtoano, kwa sababu mishahara ya wachezaji hulipwa katika msimu wa kawaida tu. Mechi za nyumbani za mtoano huleta viingilio, vinywaji na maegesho bila mishahara hiyo. Timu iliyofika fainali itaonekana tajiri mwaka mmoja, na mwaka unaofuata ikatolewa mapema ikaonekana imeyumba.

Swali zito zaidi ni la ukumbi: nani anachukua fedha za matamasha, vyumba vya wageni maalumu, jina la mdhamini ukutani na maegesho? Forbes huhesabu kile ambacho mkataba wa ukumbi unaiingizia timu, lakini haihesabu ardhi na majengo. Sportico huingiza mali zisizohamishika na biashara zinazoambatana na timu. Kwa hiyo ukikuta timu moja ina namba mbili tofauti, usikimbilie kusema mmoja kakosea. Wamepima vitu viwili. Kwa mwekezaji anayetaka kujua himaya nzima ya tajiri fulani, Sportico ni bora. Kwa anayetaka kujua hoki yenyewe inaingiza nini, Forbes iko karibu zaidi na ukweli.

Ipo timu moja ambayo unaweza kuipima orodha kwa hesabu za wazi. New York Rangers ni mali ya Madison Square Garden Sports, kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la New York, yenye pia Knicks wa mpira wa kikapu. Mwaka wake wa hesabu unaishia Juni 30, na ripoti zake ziko wazi kwa yeyote. Ukumbi si wake. Ni wa kampuni dada, na timu hucheza humo kwa mkataba wa miaka 35. Mwishoni mwa 2024 Forbes iliwapa Knicks dola bilioni 7.5 na Rangers bilioni 3.5, jumla bilioni 11. Wakati huo soko la hisa liliithamini kampuni nzima, pamoja na madeni yake, kwa takriban nusu ya hapo. Sababu zinajulikana: familia ya Dolan inashika hisa zenye kura nyingi, anayenunua hisa hana sauti ya kulazimisha timu iuzwe, na ikiuzwa kodi itameza sehemu nono. Namba za Forbes ni za kununua timu nzima na usukani wake. Ukiuziwa asilimia 5 bila usukani, omba punguzo.

Jaribio kali zaidi kwa orodha hii lilikuja na Arizona Coyotes. Desemba 2023 Forbes iliiweka mkiani kwa dola milioni 500. Haikuwa hesabu ya kijinga: timu ilikuwa ikichezea Mullett Arena, ukumbi wa chuo kikuu wenye viti kama 4,600, katika ligi ambayo kumbi nyingi hupita viti 17,000. Miezi minne baadaye, Aprili 2024, mfanyabiashara Ryan Smith alilipa bilioni 1.2 ili wachezaji na shughuli zote zihamie Salt Lake City, jimbo la Utah. Bilioni 1 ilikwenda kwa Alex Meruelo aliyekuwa akiimiliki, na milioni 200 zikawa ada ya kuhama iliyogawanywa kwa wenye timu wengine. Smith tayari alikuwa na Utah Jazz wa mpira wa kikapu na ukumbi wao. Forbes ilipima timu mahali ilipokuwa. Mnunuzi alilipia nafasi ndani ya ligi, aipeleke kwenye ukumbi alio nao. Pengo hilo la milioni 700 ndilo kasoro ya msingi ya njia ya kuzidisha mapato: timu inapokuwa mgonjwa sana, mapato yake hayasemi tena lolote juu ya thamani ya kiti chake mezani.

Kiti hicho, hata hivyo, kinashikwa na ligi. Mwaka 2009 timu hiyo hiyo ilipokuwa mahakamani kwa kufilisika, tajiri wa Kanada Jim Balsillie aliweka mezani dola milioni 212.5 akitaka kuipeleka Hamilton, Kanada. Jaji alimkatalia, na NHL ikaichukua kwa milioni 140. Bei kubwa zaidi ilishindwa kwa sababu haikuwa na ruhusa ya kuhama. Orodha yoyote inayokupa thamani bila kutaja kama wanunuzi wanaweza kuihamisha timu imekupa nusu ya habari.

Kipimo kizuri cha pembeni ni ada ya timu mpya kujiunga. Columbus na Minnesota walilipa milioni 80 kila mmoja kuingia mwaka 2000. Vegas milioni 500. Seattle milioni 650, iliyokubaliwa 2018. Mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza mlango wa mbele unauzwa bei gani.

Sasa wastani, ambao ndio unaopenda kupamba vichwa vya habari. Forbes ilitoka wastani wa bilioni 1.33 mwaka 2023 hadi bilioni 1.92 mwaka 2024, ongezeko la asilimia 44. Toronto Maple Leafs peke yao waliruka kutoka bilioni 2.8 hadi 3.8. Je, biashara ya hoki ilikua kwa asilimia 44 ndani ya miezi 12? Hapana. Kilichotokea ni kwamba mauzo yalifichua kuwa namba za zamani zilikuwa chini: baada ya Utah, Oktoba 2024 Tampa Bay Lightning ilibadilisha mikono kwa thamani ya bilioni 1.8, nao wathamini wakasogeza vizidishi. Kuondoka kwa mstari wa milioni 500 nako kulichangia: ukiupa mstari wa Utah ile ile bilioni 1.2, wastani wa timu 32 unapanda karibu milioni 22 kwa mbadala huo tu. Orodha hizi hufuata mauzo. Haziyatangulii.

Kuna sababu halali za vizidishi kupanda. Baada ya msimu wa 2004–05 kufutwa wote kwa mgogoro wa mikataba, ligi iliweka ukomo wa mishahara, ukianza na dola milioni 39 kwa timu. Tangu makubaliano ya 2013 wachezaji na wenye timu hugawana mapato ya hoki nusu kwa nusu, na sehemu ya mshahara huzuiwa hadi hesabu ikamilike ili nusu hiyo isivukwe. Gharama kubwa kuliko zote inajulikana kabla, na hilo mnunuzi hulilipia. Ila ugawaji huo ni wa ligi nzima. Msimu wa 2025–26 ukomo wa juu uliwekwa milioni 95.5 na wa chini milioni 70.6, na timu ya mji mdogo lazima ifikie huo wa chini hata kama viti viko wazi.

Kwa timu saba za Kanada ongeza hesabu moja ambayo jedwali halina. Tiketi zinauzwa kwa dola za Kanada, mishahara inalipwa kwa dola za Marekani. Timu iliyofika ukomo wa milioni 95.5 inahitaji milioni 124.2 za Kanada ikiwa dola moja ya Marekani ni 1.30, na milioni 133.7 ikifika 1.40. Senti kumi za ubadilishaji zinakula karibu milioni 9.6.

Sehemu ambayo orodha hizi huchelewa kuigusa ni televisheni za mikoani. Diamond Sports, kampuni iliyokuwa na chaneli za Bally Sports zilizolipa timu kwa haki za kuonyesha mechi, iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2023. Dallas Stars na Anaheim Ducks wakahamia 2024 kwenye huduma ya bure ya mtandaoni, Victory+. Watazamaji wanaweza kuongezeka, lakini hundi ya uhakika imeondoka. Safu ya mapato haikutengei fedha zilizofungwa kwa mkataba na zile za matangazo zinazotegemea bahati, ilhali benki huzitenga.

Mwisho, angalia tarehe. Mapato kwenye orodha ya Desemba ni ya msimu uliokwisha Juni, huku kizidishi kikibeba matumaini ya mbele. Rogers, kampuni ya mawasiliano ya Kanada, walikubali 2025 kulipa dola bilioni 11 za Kanada kwa haki za matangazo za miaka 12 kuanzia 2026–27, kutoka bilioni 5.2 za mkataba uliotangulia wa muda huo huo. Thamani zilizotolewa baada ya tangazo hilo zimeshaionja fedha hiyo kupitia kizidishi. Itakapoingia kwenye safu ya mapato, gawa tena: kizidishi kisiposhuka, orodha itakuwa imeihesabu mara mbili.