Pesti au pedi kwa kadi ya grafiki iliyozeeka

Kadi yangu ni GTX 1060, toleo la mwaka 2016. Mchana wa Kigoma, feni zake zilikuwa zikivuma kama mashine ya kusaga, na joto likifika nyuzi 84 kwa mchezo mdogo tu. Nilipoifungua, pesti, ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye chuma cha kupoozea, ilikuwa imekauka, inabanduka vipande vipande kama tope lililopigwa jua.

Pesti mpya ya bomba la sindano ni rahisi kupata. Unaweka tone katikati ya chipu, na ukikosea unafuta kwa spiriti na kuanza upya. Ubaya wake unaonekana zaidi kwenye grafiki: chipu haina kifuniko, inapata moto na kupoa kila siku, na kila mara pesti inasukumwa kidogo pembeni mpaka katikati pabaki pakavu. Nyepesi huwahi kukimbia, chagua nzito.

Pedi ni kipande chembamba kinachokaa mahali pa pesti; iliyo kama PTM7950 ya Honeywell huwa ngumu ikiwa baridi, kisha hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza mianya. Haisukumwi nje kirahisi, na hilo ndilo linalonivutia. Ila huchanika upesi: iweke kwenye friji dakika chache, ndipo plastiki inayoifunika ibanduke vizuri. Kwa huku ni ya kuagiza na kusubiri.

Kadi inayofanya kazi usiku kucha ningeisubirishia pedi. Hii yangu nimeipaka pesti nzito, na feni zimetulia. Zile pedi nene zinazokaa juu ya chipu za kumbukumbu za kadi, pima unene wake kabla hujazitupa, ili mpya zilingane nazo.