Ya risasi moja au ya mrija: bunduki mbili za .22 mezani

Kabla ya salamu, tazameni mikono yangu. Bunduki ya kwanza: navuta komeo nyuma, chemba, pale risasi inapokaa, iko wazi, nagusa mdomo wake kwa ncha ya kidole kidogo. Tupu. Sekunde tatu. Ya pili: navuta komeo, chemba tupu, lakini sijamaliza. Nazungusha kichwa cha huu mrija ulio chini ya mtutu, nauchomoa wote, nainamisha bunduki mdomo chini, natikisa. Namulika tochi kwenye njia ya kupandishia risasi. Haya, sasa tupu. Hiyo imenila karibu nusu dakika, na mimi mkono wangu umeshazoea.

Sasa salamu. Hamjambo nyote, wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe, na nyinyi wa bara mnaotutazama kwenye baridi yenu. Leo nachambua bunduki mbili za .22, zote za kuvuta komeo kwa mkono, wengine huliita bolti: moja unaipakia risasi moja moja, nyingine ina mrija wa kubebea risasi nyingi. Bunduki hizi si zangu. Ni za mzee wangu mmoja, ziko kwenye cheti chake cha silaha, naye yuko hapa nyuma ya kamera na kikombe chake cha kahawa chungu na kashata. Mkisikia kikohozi, jueni nimesema neno lisilompendeza. Mzee ni mtu wa mrija. Mimi, nawaambia mapema nisije nikawazungusha, ni mtu wa risasi moja.

Tuanze na risasi yenyewe, maana hapo wengi huruka. Hii ni .22 Long Rifle, imeanza Marekani mwaka 1887 na mpaka leo ndiyo mwalimu wa kwanza wa walenga shabaha wengi duniani. Ukubwa wake ni kama kokwa ya tende. Kichwa chake ni cha madini laini ya risasi, chenye upana wa milimita 5.6 na uzito wa gramu 2.6 hivi. Tofauti yake na risasi kubwa iko nyuma, kwenye kitako cha ganda. Ona huu ukingo uliokunjwa kama ukingo wa sahani ya bati. Dawa ya kuwasha imo ndani ya mkunjo huo, kwa hiyo pini ya bunduki haipigi katikati, inapiga ukingo. Ganda likishatumika ni la kutupa. Na mara mojamoja pini inaangukia mahali ambapo dawa haikuenea vizuri: unafyatua, kimya. Hapo usikimbilie kufungua komeo. Mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu mpaka 30, kisha fungua. Ukiipindua kidogo ile risasi pini ikapiga upande mwingine wa ukingo, mara nyingi inalia.

Udogo wake usikudanganye. Risasi hii inaweza kuruka kilomita moja na nusu hivi. Mnajua kivuko cha Likoni, ng'ambo na ng'ambo ni kama nusu kilomita. Hii inavuka, inarudi, inavuka tena, na nauli haijalipa. Kwa hiyo wale wenye hamu ya kuwapunguza kunguru wa Mombasa, hao wanaotunyang'anya samaki mkononi, sahau kabisa. Kunguru tutazidi kuzozana nao kwa mawe na matusi. Na uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977. Bunduki kama hizi kwetu ni za shabaha, kwenye uwanja wenye tuta la udongo nyuma, basi.

Haya, hii ya kwanza. Winchester Model 67, ilitengenezwa kuanzia 1934 hadi 1963, bunduki ya bei rahisi kwa wakati wake, ya kumpa kijana wa shamba Marekani. Haina magazini, yaani ghala la risasi, ya aina yoyote. Unafungua komeo, unaweka risasi moja kwa vidole, unafunga. Hata hapo haijawa tayari. Unashika hiki kitufe cha nyuma, unakivuta mpaka ukisikie kimeshika. Ni kizito, na mtoto mwenye vidole vyepesi atahangaika. Wengine wanaona huo ni ushamba. Mimi naona ni raha, kwa sababu bunduki hii haiwezi kuwa tayari kwa bahati mbaya. Imekuwa tayari kwa kuwa wewe umeamua, na mkono wako umekumbuka.

Mtutu wake ni mrefu, inchi 27, na kwa anayelenga kwa macho matupu huo urefu ni faida: kile kijiti cha mbele kinakaa mbali na mfereji wa nyuma, ukikosea kidogo unaona. Kasoro zake? Kidole chenye jasho. Mwezi wa pili, kaskazi inapuliza jua limesimama, hizi risasi zimepakwa nta kidogo, zinateleza kama samaki. Nimezidondosha mchangani sijui mara ngapi. Na risasi ikishaanguka mchangani haiingii kwenye chemba mpaka uifute. Mchanga wetu ukiingia mle ndani utaukwaruza mtutu.

Ya pili ni Remington 512, ya zamani pia, imetengenezwa mpaka 1962. Hapa ndipo mzee anaposogeza kiti. Chini ya mtutu kuna bomba, ndani ya bomba kuna mrija wa shaba wenye springi, mfano wa ule wa kunywea dafu. Unauvuta juu, unadondosha risasi moja baada ya nyingine kwenye tundu hili lililochongwa kwa umbo la risasi, unaurudisha mrija, unaufunga. Inakula 15 za Long Rifle. Ukiweka zile fupi za .22 Short inakula 22. Komeo ukilirudisha nyuma na mbele, ganda la zamani limetoka, risasi mpya imeingia, jicho hujaliondoa kwenye shabaha. Siwezi kukataa, ni tamu. Hakuna magazini ndogo ya kupotea mfukoni wala ya kuagiza kutoka ng'ambo ikipinda. Bunduki inabaki nyembamba, inashikika vizuri. Mzee anasema ukishapiga 15 mfululizo bila kupapasa kisanduku cha risasi, pumzi yako inakaa sawa. Nakubali.

Ila sasa niwaambie kisa changu, na lawama yote ni yangu. Mwaka juzi nilikuwa uwanjani na bunduki ya mrija, si hii, nyingine. Nimepiga nyingi, nikapoteza hesabu. Nikavuta komeo mara tatu, hakuna kilichotoka. Nikaona nimemaliza, nikaiweka mezani, komeo wazi. Msimamizi wa mstari akaja, akaiinua, akaigonga kitako polepole kwenye meza. Tukasikia "tik". Risasi moja imeteremka, imekaa kwenye njia, inangoja tu komeo lisukumwe. Springi ilikuwa na kutu, ile kofia ya kusukumia imekwama katikati ya bomba, na nyuma yake risasi imelala. Msimamizi hakunipigia kelele. Alinitazama tu, na mpaka leo mtazamo ule ukinijia nahisi joto shingoni.

Kosa lilikuwa langu: nilipaswa kuuchomoa mrija na sikuuchomoa. Lakini ile ya risasi moja isingenipa nafasi ya kukosea hivyo. Ndani yake hamna pa kujificha kitu. Unaona chemba, umeona yote.

Na hiyo kutu ndiyo inayonifanya nizungumze kama mtu wa Mombasa, si kama mtu anayesoma karatasi ya kiwanda. Nendeni Fort Jesus mkaitazame ile mizinga ya chuma. Imekaa na bahari miaka na miaka, na chumvi imeila. Nyumba yako ikiwa Nyali, au Mji wa Kale, au popote hapa, hewa hiyohiyo inaingia kabatini kwako. Grili za dirisha zinajua, na feni inajua. Sasa bunduki ya risasi moja, ukitoka uwanjani unapitisha kitambaa kwenye mtutu, unafuta komeo, unapaka mafuta ya bunduki kiasi cha kung'arisha tu, umemaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Ya mrija ina bomba la nje ambalo ndani ni chuma, ina springi, ina kile kidude cha kunyanyulia risasi, na kote huko inakusanyika nta ya risasi, masizi ya baruti, na unyevu wa chumvi. Vikichanganyika vinakuwa kama halua iliyolala wiki.

Hapa nawaona wawili watatu wananyoosha mkono kuchukua mafuta ya nazi. Acheni! Mafuta ya nazi ni ya wali na ya nywele. Kwenye chuma yanaganda, yananata, na yanaita vumbi. Tena hata mafuta sahihi usiyamimine kwenye bomba: yakitambaa mpaka kwenye risasi yanaweza kuua ile dawa ya ukingoni. Bomba linafutwa kwa kitambaa kikavu kilichofungwa kijitini, na springi inapakwa kwa ncha ya kidole. Na usiihifadhi bunduki kwenye mfuko wake wenye sponji. Sponji inashika unyevu kama mkate kwenye mchuzi. Kabati la chuma lenye kufuli, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, uvibadilishe mvua za masika zikianza.

Kuhusu kulenga shabaha nitapita haraka, maana watu wanabishana hapa mpaka usiku. Wanaoshindana mita 50 kwenye Olimpiki wanapakia risasi moja moja kwa mkono. Sababu inaeleweka: kichwa cha .22 ni laini, na kila kinaposukumwa kutoka kwenye mrija kikakwaruza njia, umbo linaharibika kidogo. Kwenye shabaha hiyo duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4, hata kucha yangu ya kidole gumba ni pana zaidi. Kidogo hicho kinahesabika. Tena mrija ukijaa unaongeza uzito mbele, na ukiisha uzito umeondoka. Lakini kwa mtu anayepiga makopo na karatasi kwa mita 25? Utakosa kwa sababu ya mkono wako, usiusingizie mrija.

Mzee kakohoa. Sawa, mzee, narudi kwako.

Kama hutaki ya zamani, ya risasi moja bado zinatengenezwa. Kuna Savage Rascal, ndogo, kama kilo moja na robo, ya mwanafunzi mdogo anayefundishwa na mwenye cheti pembeni yake. Komeo lake linajitegesha lenyewe ukiliinua, na unaweza kuitoa risasi bila kugusa kifyatulio. Kwa upande wa ushindani, Anschütz ya Ujerumani ina Model 1907, lakini hiyo mfuko wako uwe mzito kuliko bunduki yenyewe. Za mrija mpya zimebaki chache, kwa kuwa soko limehamia kwenye magazini za kuchomoa. Kwa hiyo ukitaka mrija, uwezekano mkubwa utanunua ya mkononi, iliyokwisha kutumika.

Na ya mkononi ina mtego mmoja wa makaratasi ambao hauna uhusiano na mrija. Marekani, mpaka sheria yao ya 1968, kiwanda hakikulazimishwa kupiga namba ya utambulisho kwenye bunduki kama hizi. Model 67 nyingi zilizouzwa kwao hazina namba kabisa. Wewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha unakwenda na kitu kinachotambulika, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mzaha. Kabla hujalipa hata shilingi, tafuta namba kwenye chuma chenyewe, na ilingane na karatasi za muuzaji. Isipokuwapo, hiyo bunduki ni ya kutazama tu, hata ingekuwa nzuri kama mlango wa Lamu.

Sasa kwa wale watakaomfuata mzee na mrija wake, na najua mpo. Ukifika dukani, pitisha kidole kwenye bomba la nje kuanzia juu mpaka chini. Kishimo kidogo tu, hata cha kugongwa na mlango wa gari, na mrija utakwama. Uchomoe mrija wa ndani: utoke bila kuvutana nao. Bonyeza kofia ya springi kwa kijiti, iachie, irudi yote bila kusita. Tazama ndani ya bomba kwa tochi. Wekundu wa kutu ukiuona karibu na chemba, ujue uko na mahali usipoufikia. Kisha mdomo wa chemba: bunduki za zamani za .22 zikifyatuliwa tupu mara nyingi, pini huchimba alama pale ukingoni, na risasi zinaanza kusumbua kuingia. Alama hiyo ni ndogo kama ya kucha, lakini fundi wa kuiondoa hapa kwetu si wa kumpata kila kona.

Na muuzaji akikwambia usiuchomoe mrija, ati utaharibu, iweke bunduki chini taratibu, mwambie asante, uondoke. Mmesikia? Hapo mzee hakukohoa.