Rangi ya ndani: ununue nini kwanza kwa nyumba ya Dar es Salaam

Watu wengi wakitaka kubadilisha sura ya nyumba hununua ndoo ya lita 20 ya rangi moja, fundi anapiga kuta zote za kila chumba, na bajeti inaishia hapo. Dari inabaki na madoa ya mvua, milango na alama za vidole, korido na giza lake. Sisi tunashauri kinyume: anza na sehemu zinazosahaulika, nunua rangi kidogo inayofaa mahali pake, kuta kubwa zije baadaye. Orodha hii imepangwa kwa faida unayoipata kwa kila shilingi.

Kagua ukuta kabla ya kwenda dukani

Hakuna rangi inayoshika kwenye ukuta mbovu, hata iwe ya bei kubwa. Vipimo vitatu vinatosha, na havihitaji fundi.

Pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikitoka na unga mweupe, pana chokaa au rangi ya zamani iliyoisha nguvu. Rangi mpya itashika ule unga tu, na itabanduka nao vipande vizima. Kwangua, futa kwa kitambaa kibichi, acha ukauke, kisha piga praima, yaani rangi ya kutangulizia inayosaidia rangi ya juu ishike.

Pili, chora alama ya X kwa kisu, bandika tepu ya gundi juu yake, ikandamize, halafu ivute ghafla. Ikitoka na rangi, rangi hiyo ya zamani lazima iondolewe.

Tatu, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 karibu na sakafu, ziba pande zote nne kwa tepu, subiri saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani kwenyewe. Hali hii ni ya kawaida kwenye nyumba za mabondeni, na kwenye nyumba ambazo msingi wake ulijengwa bila nailoni ya kuzuia maji. Usipake kitu mpaka ujue chanzo: bomba linalovuja ndani ya ukuta, karo iliyo karibu mno, au udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Mara nyingi dawa yake ni jembe: punguza udongo ule uliolundikana kwenye ukuta wa nje.

Ule unga wa chumvi unaochipua ukutani, hasa pale lipu ilipochanganywa na maji ya kisima chenye chumvi, usiuoshe kwa maji. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, kisha inachomoza upya. Isugue ikiwa kavu kwa brashi ngumu, uzoe unga, urudie baada ya siku chache mpaka ipungue.

Ukungu mweusi unaua rangi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa unaendelea kukua chini yake. Changanya jiki kipimo 1 na maji vipimo 3, paka, acha dakika 15, suuza, uache pakauke kabisa. Fungua madirisha, na usichanganye jiki na dawa ya choo wala sabuni nyingine yoyote. Hewa inayotoka hapo ni sumu.

Lipu mpya ipe siku 28. Saruji mbichi ina ukali unaochuja rangi, na ukiwahi kuipaka rangi ya mafuta, mafuta yale yanageuka kama sabuni na kubaki yananata.

1. Nyeupe isiyong'aa kwa dari

Hiki ndicho kitu cha kwanza kununua, na ndicho watu wanachokiacha mwisho. Nyumba zetu nyingi zina paa lililotokeza nje ili kuzuia jua na mvua. Kwa hiyo mwanga unaoingia dirishani mchana umeshapiga ardhi ya nje na unapanda kuelekea darini. Dari nyeupe safi inarudisha sehemu kubwa ya mwanga huo chumbani. Dari iliyogeuka njano kwa moshi wa jiko na vumbi la feni inaumeza, na hapo ndipo watu wanawasha taa saa sita mchana.

Chumba cha futi 10 kwa 12 kina dari ya karibu mita za mraba 11. Kwa mikono miwili, yaani ukipaka mara mbili, unapaka mita 22, na lita moja ya rangi nzuri hufunika karibu mita 10 kwa mkono mmoja juu ya sehemu laini. Galoni ya lita 4 inatosha vizuri chumba kimoja na korido fupi. Usinunue ndoo.

Chagua isiyong'aa kabisa. Rangi yenye mng'ao juu ya dari huonyesha kila kiungo cha jipsamu na kila alama ya msasa, hasa taa ikiwashwa usiku. Ile mikanda ya pembeni ya jipsamu ipake nyeupe ileile.

Madoa ya kahawia ya maji hayafunikwi na rangi ya maji. Utapiga mara tatu, na kila ikikauka doa litarudi, kwa sababu maji ya rangi yanaiyeyusha ile rangi ya doa na kuivuta juu. Ziba kwanza bati linalovuja (angalia matundu ya misumari na pale bati zinapopandana), paka doa rangi nyeupe ya mafuta ya kutangulizia (andakoti), acha ikauke usiku mzima, ndipo upige nyeupe ya dari.

2. Rangi ya mafuta kwa milango, fremu na grili

Lita moja inatosha mlango mmoja pande zote mbili pamoja na fremu yake, mikono miwili. Kwa gharama hiyo ndogo, kitu unachokigusa kila siku kinakuwa kipya. Tunapendelea mng'ao wa kati kuliko ule wa kioo, maana mng'ao mkali unaonyesha kila brashi ilipopita.

Kinachoharibu kazi ni haraka. Rangi ya zamani inayong'aa lazima ikwanguliwe kwa msasa namba 180 mpaka ifubae, ama sivyo rangi mpya itatoka kama ganda. Rangi za mafuta za miaka mingi iliyopita zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Usipake rangi ya maji moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta; ikishakauka, ukucha unatosha kuibandua.

Unene wa mlango, ule ukingo unaoonekana mlango ukiwa wazi, husahaulika karibu kila mara. Na ukingo wa chini, usioonekana kabisa, ndio unaonyonya maji ya kudekia na kuufanya mlango uvimbe. Mwambie fundi autoe mlango kwenye bawaba na aupake huo pia.

Kwa grili, hasa Kigamboni, Msasani na Kunduchi ambako upepo wa bahari una chumvi, suuza kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Kutu itoke kwa brashi ya waya, kisha rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla chuma hakijaanza kutu upya. Ukipaka juu ya chumvi, malengelenge yatatokea hata rangi ingekuwa nzuri kiasi gani.

3. Silki ya maji kwa korido na sebule

Kuta hizi zinaguswa, zinasuguliwa na mabega, zinapigwa na mipira ya watoto. Rangi ya maji ya kawaida ukiifuta doa inaacha baka linalong'aa. Silki, rangi ya maji yenye mng'ao mwepesi, inafutika kwa kitambaa na sabuni kidogo. Ubaya wake ni kwamba inaonyesha mawimbi ya lipu. Kujua kama ukuta umepigwa puti (ile ya kulainishia lipu) vizuri, simama pembeni yake, uumulike kwa tochi ya simu ikiwa imelala karibu na ukuta, na kila bonde utaliona. Rekebisha kabla, kwani silki haitaficha.

Puti ya jipsamu ni ya sehemu kavu. Karibu na bafu tumia puti ya saruji nyeupe. Ile ya jipsamu ikilowana mara kwa mara inalainika na kumeguka na rangi yake.

4. Kopo moja la rangi kali kwa sehemu ndogo

Lita 1, wakati mwingine nusu lita. Hapa ndipo pa kuwa jasiri, maana ukikosea unapaka upya kwa saa moja. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na zidaka, matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, na akili ile bado inafanya kazi kwenye nyumba ya bloku. Paka ndani ya shubaka rangi nzito kuliko ukuta, na sahani nyeupe au vyungu vitaonekana vizuri. Nyuma ya rafu ya vitabu, chini ya ngazi, ndani ya kabati lisilo na milango, sehemu hizi zinabeba kijani cha majani ya mwembe, buluu ya bahari au nyekundu ya udongo bila kukilemea chumba.

Korido ndefu na nyembamba ina dawa yake: kuta za pembeni ziwe nyepesi, ukuta wa mwisho uwe mzito. Ukuta ule unaonekana kusogea karibu, na korido inapungua urefu.

Uchague rangi gani? Anza na usichoweza kubadilisha. Kama sakafu ina marumaru za krimu na sofa ni kahawia, chukua kipande cha marumaru iliyobaki na kitambaa cha mto uende navyo dukani, uvitazame nje ya duka kwenye mwanga wa jua. Kisha paka karatasi ngumu ya A3 mikono miwili, uibandike ukutani, uitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe ya samawati inaifanya krimu ionekane kijivu, ya njano inaichosha buluu. Chumba chenye dirisha la magharibi kinapata jua kali la alasiri, na njano au chungwa pale inageuka ya kuwaka. Kijani au buluu iliyofifia inatuliza.

5. Kuta za vyumba vya kulala

Rangi ya maji ya kawaida inatosha, na ni nafuu. Kile chumba cha futi 10 kwa 12 chenye ukuta wa mita 2.8 kina karibu mita za mraba 33 ukitoa mlango na dirisha. Mikono miwili ni mita 66, yaani lita 6.6. Nunua galoni mbili za lita 4. Kinachobaki ni cha viraka. Kwenye lipu isiyolainishwa ongeza robo nzima, maana mchanga unakunywa rangi. Mkono wa kwanza unaweza kuongezwa maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Fundi akizidisha ili rangi ifike mbali, utaona ukuta wa zamani unachungulia.

6. Rangi ya nje kwa bafu na kibaraza

Mara nyingi ina dawa ya ukungu, na inavumilia maji. Ipige madirisha yakiwa wazi, na bafu liwe na tundu la hewa linalofanya kazi. Mvuke usiopata pa kutokea utashinda rangi yoyote.

7. Karatasi za ukutani, stika na paneli za plastiki

Tumeziweka mwisho. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam gundi ya karatasi inaachia kuanzia kwenye viungo na kona, na ukuta usiopumua unaotesha ukungu nyuma yake. Paneli zinaficha ukuta unaolowa huku ukiendelea kulowa. Ukizitaka, ziwekwe kwenye ukuta wa ndani usiopakana na nje wala bafu, baada ya kipimo cha nailoni.

Ukiwa dukani

Gerezani na Kariakoo kwa jumla utapata aina nyingi na nafasi ya kulinganisha. Usilinganishe ndoo kwa ndoo. Gawa bei kwa lita, kisha gawa tena kwa mita za mraba ambazo kopo linasema lita moja inafunika. Mara nyingi ndoo ya bei ya chini inahitaji mkono wa tatu, na fundi naye analipwa kwa mkono huo. Angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe, na kizibo ambacho hakijaguswa. Rangi iliyochanganywa kwa mashine ina namba: ipige picha na udai iandikwe kwenye risiti. Ile iliyokorogwa kwa mkono haipatikani tena sawasawa, kwa hiyo nunua yote kwa pamoja, na galoni mbili za rangi moja zimimine kwenye ndoo kubwa uzikoroge kabla ya kuanza, la sivyo utaona mpaka katikati ya ukuta.

Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha, na atunze risiti kwa ajili ya mazungumzo ya kodi ya pango.

Kazi ya ndani ipange Juni hadi Septemba, masika yakiwa yameisha na kuta zimekauka. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ya plastiki yenye kizibo kinachobana, ijae mpaka juu ili hewa isikae ndani, na uiandike chumba, namba ya rangi na tarehe.