Sindano nimezipenda, vilivyofumwa bado naviwazia: uzoefu wangu wa kroshia hapa Moshi

Nianze na kilichonifurahisha, maana hakina maneno mengi. Seti ya sindano za kroshia zenye mpini wa mpira, kuanzia mm 2 hadi mm 6, niliyoagiza kwa dada mmoja anayeleta mizigo kutoka Kariakoo, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Kichwa cha sindano kimelainishwa, hakikwaruzi uzi, na mpini unajaa mkononi. Aliyezoea zile nyembamba za chuma tupu, za kurithi kwa mama, atanielewa: ukikaa nazo sana kidole gumba kinakufa ganzi na mstari wa chuma unabaki kwenye kidole cha kati. Kasoro ya seti yangu ni namba zilizochapishwa kwenye mpini. Zimefutika zote. Mm 3.5 na mm 4 kwa macho huzitofautishi, na ukizibadilisha katikati ya kofia, kofia inaishia kumfaa mtu mwingine. Nimezipaka rangi ya kucha, kila saizi na rangi yake, yakaisha.

Maneno yako kwenye uzi.

Maduka ya vifaa vya ushonaji hapa mjini yamejaa akriliki, huu tunaouita uzi wa sweta. Bonge la gramu 100 nimelinunua kwa elfu tatu na mia tano, na duka la pili yake elfu nne, uzi ule ule. Kwa kofia, skafu, mkoba au mdoli sina ugomvi nao. Unafulika, haurudi, nondo hawaugusi, na rangi zipo za kila aina. Ila akriliki ni plastiki, asili yake mafuta ya petroli, na plastiki huwa haijifichi muda mrefu. Pitisha pasi ya moto juu ya ulichofuma uone: nyuzi zinalainika, zinalala, kitu kinakuwa legelege na kinang'aa vibaya, wala hakuna kufua kutakakokirudisha. Halafu jasho. Watu wakisikia Moshi wanafikiria baridi ya mlimani, lakini mjini huku mwezi wa kwanza na wa pili jua halina utani, na blanketi la akriliki likikulalia mapajani saa nane mchana halinywi hata tone. Blanketi mimi sasa nafuma kwa vipande vya mraba, kimoja kimoja, naviunga jioni kukipoa.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia ni mikupuo ya rangi. Kwenye karatasi ya uzi huwa kuna namba ya rangi, na pembeni yake namba ya mkupuo ambao rangi ile ilipikwa. Mabonge mawili mekundu ya kampuni moja yakitoka mikupuo tofauti yanaweza kupishana kidogo sana, chini ya taa huoni kitu, asubuhi ukianika nje unaona mstari umekata blanketi. Madukani kwetu hizo karatasi mara nyingi zimeshachanika na mabonge yamemwagwa kwenye beseni. Kwa hiyo nunua uzi wote wa kazi siku moja, na bora ubaki.

Uzi mnene wa velveti ndio sitaugusa tena kwa hiari yangu. Kwenye picha ni mtamu, mdoli wa sungura akifumwa kwa velveti unataka kumkumbatia. Mkononi, vitanzi havionekani kabisa. Unafuma kwa kupapasa, huku unahesabu kwa kubahatisha, na ukitaka kufumua mstari mmoja manyoya yanabaki mikononi na uzi unabaki upara. Anayeanza leo asidanganywe na ulaini wake.

Uzi bora kuliko wote niliowahi kushika hapa Moshi haukutoka duka la nyuzi. Niliupata soko la mitumba la Memorial, ndani ya sweta. Kwenye yale mafungu ya masweta makubwa ya wanaume kuna mengine ya sufu tupu, na muuzaji anakuachia kwa bei ya bonge moja au mawili ya akriliki, kwa sababu watu wengi wanayaona yanawasha. Lebo ikiwepo, isome. Ikiwa imekatwa, chomoa uzi kidogo kwenye pindo uuchome (ukishanunua, tafadhali, usimchomee mtu bidhaa mezani kwake). Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Lakini sufu peke yake haitoshi, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya pembeni. Ukikuta ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia ukingo wa kitambaa, rudisha. Maana yake kitambaa kilikatwa kwa mkasi ndipo kikashonwa, na ukikifumua kila mstari unatoka kipande kifupi, unabaki na rundo la nyuzi za kufungia mboga. Unalolitaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa kwa mshono mmoja mwepesi unaochomoka kama mdomo wa gunia la mchele ukipata ncha sahihi. Pia liwe halijawahi kufuliwa kwa maji ya moto likashikana, hilo halifumuki tena hata ufanyeje. Ukilipata zuri, unafumua kuanzia shingoni, unazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, unauosha, unautundika kivulini na kitu kizito chini ili ujinyooshe. Sweta kubwa la mwanamume linaweza kutoa karibu nusu kilo ya uzi. Piga hesabu hapo ni mabonge mangapi ya dukani.

Kazi yenyewe ni tamu mno, ila siku mama alipokuja akanikuta nimelala katikati ya sufu ya kijivu, sweta limebaki mikono tu, aliniuliza, "Mwanangu, hili lilikuwa na tundu?" Nikamwambia halikuwa na tundu. "Shangazi yako huko Kibosho mwezi wa saba anajifunika khanga mbili, wewe unafumua sweta zima?" Lililofuata nilimpelekea shangazi lilivyo. Na tangu hapo nikishika sweta pale Memorial kuna sauti inanisemesha, raha imepungua kidogo, siwezi kuficha.

Mama mwenyewe ni mtu wa vitambaa. Wa kizazi chake hawakufuma wadoli, walifuma pamba nyeupe: vitambaa vya makochi, cha meza, cha redio, cha friji, na kile cha juu ya televisheni chenye nanasi nne zinazotazamana. Televisheni bapa zilipoingia kile cha mwisho kikakosa pa kukaa, akakihamishia kwenye king'amuzi, kikakifunika chote mpaka rimoti ikawa haisomi. Uzi wao wa pamba unauzwa kwa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba, kwa hiyo namba 40 ni ya wenye macho na subira. Ule mng'ao wake si wa kupakwa. Pamba imepitishwa kwenye magadi makali ya kiwandani, njia aliyoigundua Mwingereza John Mercer katika karne ya 19, ndiyo maana inang'aa, inashika rangi na haikatiki ovyo. Vitambaa vya mama vimenizidi umri na bado ni vyeupe. Anavigandisha kwa wanga wa muhogo. Wapo wanaotumia maji ya sukari, nayo yanagandisha kweli kweli, ila waulize kuhusu sisimizi.

Kwa kudumu, pamba inaishinda akriliki mbali sana, na nikiwa mkweli kitambaa kimoja cha mama kina ufundi kuliko kabati langu zima. Kinachoniudhi ni kwamba madukani naipata nyeupe, krimu, na labda nyekundu moja iliyopauka. Nchi inayolima pamba Shinyanga na Simiyu, na mimi nabembeleza muuzaji aniletee pamba ya kijani. Mama naye anawaangalia nyani na twiga wangu pale rafuni, anauliza, "Hawa kazi yao nini?" Nikimjibu ni mapambo, anaguna.

Kujifunza kwenyewe ni bure siku hizi, YouTube imejaa, mradi ujue kwamba Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Mshono ambao Marekani wanauita "double", Uingereza wanauita "treble". Ukifuata maelezo bila kujua fundi ni wa upande gani, kofia ya mtoto inatoka ya baba yake, au kinyume chake. Michoro ya alama, wanayoipenda sana Wajapani, haina tabu hiyo: duara dogo ni mnyororo, herufi ya T yenye vijistari ni mshono mrefu, unasoma bila lugha.

Faida nyingine ya kroshia ambayo waliozoea sindano mbili wanaionea wivu: kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Konda akisema shuka, unakivuta kirefu, unatupa kila kitu kwenye mkoba, unashuka. Umeme ukikatika, mikono inaendelea, isipokuwa kwa uzi mweusi. Shingo na kiwiko vitadai haki yao, simama unyooshe.

Sasa vitu vyenyewe. Nikienda kumwona mzazi, badala ya kununua seti ya mtoto naibeba niliyofuma: kofia, soksi, kisweta. Hapo nina masharti. Uzi wa mtoto usiwe wa manyoya, ndani ya soksi nyuzi zisining'inie, maana uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukakibana mpaka kikavimba. Mdoli wa mtoto mdogo simwekei macho ya vifungo, namshonea kwa uzi, kifungo kikichomoka kinaishia kinywani. Watu hupokea kwa namna mbili. Wapo wanaokipokea kwa mikono miwili na kukivalisha hapo hapo, mtori ukiendelea kupoa. Na wapo wanaouliza, "Umenunua wapi?" Ukisema umefuma mwenyewe unaona uso umebadilika kidogo, wamegundua hukutoa hela. Blanketi nililolifuma kwa moyo wote kwa mtoto wa rafiki yangu halijawahi kumgusa mtoto. Liko kabatini, ndani ya nailoni, "lisichafuke". Sijui nifurahi au nilie.

Halafu kila anayeona mkoba wangu: "Dada, hii unauzaje?"

Niliwahi kuuza. Mkoba mmoja una mabonge matatu, zipu, kitambaa cha ndani, fundi wa kushonea kitambaa hicho, na jioni nyingi. Nikitaja bei inayolipa uzi, zipu na fundi peke yake, jioni zangu nikizitoa sadaka, mteja anacheka na kuniambia soko la Mbuyuni kuna mikoba kwa nusu yake. Ni kweli ipo. Wanaosema kroshia ni biashara hawajatunga, Ireland wakati wa njaa kuu ya viazi, kuanzia 1845, wanawake walifuma lesi za kroshia zikauzwa nje na kuingiza chakula nyumbani. Ila mnunuzi wao alikuwa bibi tajiri wa mbali. Wangu anapanda bodaboda na mimi.

Kilichonikata kabisa hamu ya kuuza nilikiona Memorial tena. Blauzi ya kroshia, ya mtumba, mishono imenyooka, kola ya maua, kwa bei ya bonge moja la uzi. Mashine inafuma masweta, hata haya ya shule tunayafumiwa mitaani kwa mashine, lakini kroshia halisi hakuna mashine inayoifuma. Vya viwandani vinavyofanana nayo ni vya kuiga, ukivitazama kwa karibu unajua. Ile blauzi ilikuwa halisi. Kuna mtu, sijui nchi gani, alikaa akaifuma kitanzi kwa kitanzi, akalipwa kitu, ikavaliwa, ikachokwa kabla ya kuchakaa, ikafungwa kwenye beli mpaka Moshi. Niliinunua. Nilitaka kuifumua nipate pamba, ndiyo, ilikuwa pamba, tena ya kijani. Imeshindikana. Naivaa kanisani.

Kwa hiyo siku hizi anayeniuliza bei namwambia hivi: lete uzi wako, mikono yangu ni bure ukiwa jirani, na usiniulize itakamilika lini. Wengi wanasema sawa na siwaoni tena, jambo linalonifaa. Jirani mmoja tu ndiye aliyerudi, tena na mfuko umejaa, ana furaha, anataka sungura wa binti yake. Kaleta velveti, mabonge manne. Nimetoa sindano ya mm 6, napapasa.