Nimeunguzwa na mwenzangu, mwenyeji akacheka

Sirudi tena pale. Nililisema neno hilo usiku ule tukitoka Langoni, mpwa wangu ananifuata kimya, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Ni nyumba ya kale hapa Lamu, ghorofani, ambako bwana mmoja anaendesha Dungeons & Dragons kwa malipo, mchezo wa kusimulia kisa pamoja: yeye mwenyeji anasimulia, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu huamua. Ramani anazichora mwenyewe kwa mkono, na anajua kusimulia, hilo simnyimi. Kisa changu ni cha ule mlango.

Mimi nilikuwa askari mwenye ngao. Mpwa wangu alikuwa mganga, amesimama nyuma yangu. Mazimwi yalijaa ukumbini, nami nimeziba mlango yasipite. Hapo ndipo kundi linapokuwa kundi: mmoja anazuia, mmoja anatibu, na mchawi anapiga kwa mbali. Ikafika zamu ya mchawi, kijana mgeni, mara ya pili tu kucheza. Akasema, "Natupa fayaboli," akaweka kidole katikati ya ukumbi.

Fayaboli, mpira wa moto wa kichawi, inaunguza kila aliye ndani ya futi 20 kutoka pale ilipopasukia, adui na rafiki sawasawa. Kwenye ramani ni miraba minne kila upande. Sisi tulikuwa mraba wa tatu. Angesogeza kidole miraba miwili tu nyuma tungesalimika. Nikafungua mdomo nimwambie, mwenyeji akanikata: "Hakuna kushauriana, kila mtu na zamu yake."

Dadu nane zikatoa 33. Mimi nilibakiwa na alama 26 za uhai, na dadu yangu ya kukwepa ikaanguka vibaya. Chini. Mpwa wangu akakwepa, akaumia nusu, 16, naye alikuwa na 14. Chini vilevile. Nikamwuliza mwenyeji kama kweli hakuona kwamba kijana anatuchoma. Yule bwana akacheka, akanijibu mbele ya watu wote: "Bwana, ngao unayo, macho huna?"

Mwanamume mzima, nimelipa pesa yangu, naambiwa hivyo mbele ya mtoto wa dada yangu.

Mganga akiwa chini hakuna wa kumwinua mtu. Mpwa wangu akabaki kurusha dadu ya pande ishirini, ili asife anahitaji kumi au zaidi mara tatu kabla ya kukosa mara tatu. Akapata sita. Kisha akapata moja, na moja huhesabiwa makosa mawili. Akafa. Akaniambia polepole, "Mjomba, nilikuwa nimebakisha uchawi mmoja wa kukuinua wewe."

Lililonichoma zaidi nililiona tulipokuwa tukikusanya vitu. Karatasi ya yule kijana ilikuwa wazi mkekani. Mchawi wake ni wa skuli ya Evocation, tawi la uchawi wa moto na mapigo kama hayo! Kwa kanuni za mchezo za mwaka 2014, mchawi wa namna hiyo akitupa fayaboli anaweza kuchagua watu wanne anaowaona, moto ukawapita bila kuwagusa. Ilikuwa imeandikwa pale pale, kwa mwandiko wa mwenyeji mwenyewe. Kijana akashika kichwa: "Samahani kaka, nilisahau." Yeye nimemsamehe palepale. Mwenyeji alisema tu, "Ameshatamka, hairudi."

Hairudi vipi? Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, huu si mchezo wa kumshinda aliyekaa kando yako. Barazani kwetu watu wakicheza bao, hata mpita njia anasimama na kutoa shauri. Swali moja tu, "Wenzako wamo ndani, una hakika?", lingemgharimu nini?

Ningekuwa natoa nyota, usiku ule nisingetoa hata moja. Leo nasema mbili, kwa sababu saa mbili za kwanza zilikuwa tamu kweli, na sijawahi kumwona mpwa wangu akizungumza na watu wazima kwa kujiamini vile.

Na jana amekuja na karatasi mpya. Mganga tena. Akaniwekea mkononi, hakusema kitu. Basi tutakwenda. Lakini kabla sijatoa pesa nitamwuliza yule bwana mbele ya wote: mtu akitaka kuwaunguza wenzake bila kujua, utamwuliza kwanza, au utacheka?